Mbwa wa Kuwinda na Paka wa Ghala: Tuwakalishe Pamoja Bila Madhara



Somo la safari hii linahusu wanyama ambao maboma mengi wanao: mbwa na paka. Huenda mwingine atacheka na kusema, "Hata hili nalo ni somo?" Basi kwanza asikie yaliyokipata kikundi kimoja tulichokitembelea.

Akina mama hao walijenga ghala la pamoja ili wasilazimike kuuza mahindi kwa bei ya chini wakati wa mavuno. Panya walipozidi, wakaleta paka wawili, na mambo yakawa mazuri. Kisha wakaanza kuogopa wezi. Mwanachama mmoja akajitolea mbwa wake, dume mkali aliyezoea kukimbiza sungura vichakani. Wiki haikuisha. Paka mmoja aliuawa mchana kweupe, na wa pili akahama. Baada ya miezi miwili magunia ya chini yalikuwa yametobolewa, na lawama zikaanza. Nani alileta mbwa? Nani atalipa? Kikundi kilikaribia kuvunjika kwa sababu ya paka.

Kwa nini mbwa humkimbiza paka?

Mbwa hamchukii paka. Anafanya kazi aliyozaliwa nayo. Kazi hiyo ina hatua zake: kukazia macho, kunyemelea, kukimbiza, kukamata na kuua. Kitu kidogo chenye manyoya kinapokimbia mbele yake, hatua hizo huamka zenyewe. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini damu ya mbwa haisomi sheria.

Kuna makosa matatu tunayoyaona mara kwa mara.

La kwanza ni kufikiri kwamba ni njaa tu. Mbwa aliyeshiba pia hukimbiza. Hata hivyo, kumnyima chakula "ili awe mkali" ni kuwaongezea hatari paka na kuku.

La pili ni kumpiga. Ukimpiga mbele ya paka, anajifunza kwamba paka akionekana, maumivu yanafuata. Basi atazidi kumwonea paka uchungu, au atangoja uondoke ndipo amshike.

La tatu ni kusema, "Waacheni, watazoeana wenyewe." Kila mara mbwa anapokimbiza, anafurahia, na kesho atataka tena. Kwa hiyo jambo kubwa katika somo hili ni moja: tuzuie mbio zisianze, na tumtuze mbwa anapotulia.

Hatua za kufuata

1. Mpe paka kimbilio. Tengeneza rafu juu ghalani, na tundu ukutani ambalo paka anapita lakini mbwa hapiti. Chakula cha paka kiwekwe juu huko.

2. Mfundishe mbwa kwanza, paka akiwa hayupo. Ajue jina lake, na ajue "njoo" na "kaa". Kila akitii, mpe kitu kidogo anachokipenda, kama omena au kipande cha nyama. Usiharakishe mpaka aje upesi kila unapomwita.

3. Wazoeane kwa harufu. Chukua gunia alilolalia paka uliweke karibu na mbwa anapokula. La mbwa nalo lipeleke kwa paka.

4. Waonane kwa mbali. Mtu mzima amshike mbwa kwa kamba imara, na paka awe huru kuondoka akitaka. Anzeni umbali wa hatua 30 hivi. Mbwa akimwangalia paka kisha akakugeukia unapomwita, mtuze hapo hapo. Lakini akikaza macho, mwili ukakakamaa na asisikie jina lake, mko karibu mno. Rudini nyuma.

5. Punguza umbali kidogo kidogo. Dakika 5 mara mbili kwa siku zinatosha. Kazi hii huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Haraka haraka haina baraka.

6. Kumbuka paka anayekimbia. Mbwa wengi hutulia paka akiwa ameketi, lakini paka akiruka tu, masomo yote yanasahaulika. Kwa hiyo mbwa aendelee kuvuta kamba ndefu, na mtu awe karibu kuikanyaga.

7. Wasiachwe peke yao. Kama hakuna wa kuwaangalia, mbwa afungiwe kwenye kibanda chenye kivuli na maji. Na kama kuna mbwa wawili, kila mmoja afundishwe peke yake, maana wakiwa pamoja huchocheana.

Tuseme ukweli: wako mbwa ambao hawatabadilika. Kama mbwa amewahi kuua paka, au baada ya miezi bado anatetemeka akimwona, usimjaribu kwa maisha ya paka. Mtenge kwa ua, au apelekwe boma lisilo na paka. Na hata yule aliyezoea paka wa nyumbani anaweza kumkimbiza paka wa jirani, kwa sababu kwake huyo ni mgeni.

Kazi ni rahisi zaidi ukianza na mtoto wa mbwa. Kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi akili yake iko wazi kupokea wenzake. Akikua karibu na paka mpole, huenda akamhesabu kama wa nyumbani. Samaki mkunje angali mbichi.

Usalama wa watu

Wanyama wakishikana, usiingize mikono. Usimbebe paka kifuani mbele ya mbwa, utararuliwa na wote wawili. Wamwagie maji au gonga sufuria kwa kelele. Watoto wasitumwe kuwaamua.

Mbwa na paka wote wapate chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Muulizeni afisa wa mifugo wa eneo lenu. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Ugonjwa huu dalili zake zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa.

Tena, paka akipotea msikimbilie sumu ya panya. Mbwa au paka akila panya aliyekula sumu, naye anaweza kufa.

Kile kikundi kilifikia wapi? Walikaa chini, wakaacha kulaumiana. Yule dume alirudi kwa mwenyewe. Walileta mbwa mdogo na paka mpya, wakagawana zamu za kufundisha. Tulipopita tena tulimkuta mbwa amelala mlangoni na paka juu ya rafu. Usiku bado wanawatenganisha, mbwa nje na paka ndani ya ghala. Mweka hazina alituambia, "Tunawaamini, lakini kufuli tunafunga." Nasi tukaona amesema vizuri.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika maboma yetu, ni mbwa gani tayari wamewahi kuua paka au kuku? Tutawafanyaje?

2. Paka wetu wana mahali pa kukimbilia? Ni nani anaweza kutupatia mbao za rafu?

3. Mbwa na paka wangapi wa wanachama hawajachanjwa mwaka huu? Andikeni orodha kabla ya kufunga mkutano, na mchague mtu wa kumwona afisa wa mifugo.