Habari za Magazeti na Kansa ya Matiti

Yako magonjwa ambayo watu huona haya kuyataja, na kansa ya matiti ni mojawapo. Na tuone basi, habari zake zikitangazwa waziwazi, zafanya kazi gani.

Huko Marekani, tarehe 28 Septemba 1974, Betty Ford, mke wa Rais Gerald Ford, alipasuliwa akaondolewa titi lenye kansa. Siku zile neno hili lilisemwa kwa kunong'ona. Lakini mama huyu hakutaka jambo lake lifichwe. Magazeti yakaieneza habari nchi nzima, na wanawake wengi wakaenda kwa madaktari ili wapimwe. Mwezi wa Oktoba mke wa Nelson Rockefeller, aliyekuwa ameteuliwa kuwa makamu wa Rais, naye akaonekana ana kansa, akapasuliwa. Mwaka ule hesabu ya wagonjwa wapya ikapanda ghafula. Je, ugonjwa ulizidi? Sivyo. Ulikuwamo miilini tangu mbele. Kilichozidi ni kutafuta. Ninyi walimu, lishikeni sana neno hili, kwa maana hawakosi watu wasemao kwamba hospitali ndiyo iletayo kansa.

Lakini habari hizi zina upungufu wake. Mei 2005 ilitangazwa huko Australia kwamba Kylie Minogue, mwimbaji mashuhuri wa miaka 36, ana kansa ya titi. Katika majuma mawili ya matangazo, wanawake walioomba kupigwa picha ya matiti kwa eksirei waliongezeka 40 katika kila mia. Na wale wasiopimwa kamwe zamani, wenye miaka 40 hata 69, wakaongezeka zaidi ya maradufu. Faida hiyo si ndogo.

Ila gazeti humchagua mtu kwa sifa yake, si kwa umri wake. Huko Australia wengi wa wenye kansa hii wamepita miaka 50, na bibi wa miaka 60 akitazama picha ya mwimbaji kijana aweza kudhani kwamba habari haimhusu. (Aonaye uvimbe, au chuchu itokayo damu, yeye asingoje umri wala tangazo, na aende kwa daktari mara.) Wanawake vijana walikwenda kupimwa wengi kuliko desturi, lakini hesabu ya vijana waliopasuliwa kwa ajili ya kansa haikuongezeka.