Somo: Kompyuta ya Kiwanda Inabeba Mzigo Kiasi Gani?



Somo la leo linahusu chombo ambacho wengi wetu hatujawahi kukigusa, ingawa ndicho kinachotuhesabia kilo na masaa. Katika viwanda vya siku hizi, viwe vya chai, vya sukari, vya bia au vya mawese, mashine haziishii kusaga na kukamua tu, zinaandika pia. Mizani inaandika uzito. Saa ya mlangoni inaandika nani ameingia kazini na wakati gani. Vipimo vilivyofungwa kwenye tangi la mvuke na kwenye matangi ya mafuta vinaandika joto na kina. Maandishi yote hayo yanakwenda kwenye kompyuta moja kuu, inayoitwa seva, na ndani yake kuna programu inayoyaunganisha na kuyafikisha kwa mhasibu.

Mwajiri anaponunua seva huulizwa na muuzaji: unataka ya ukubwa gani? Ndugu, swali hilo linatuhusu. Seva ikiwa ndogo, foleni inajaa mlangoni, na anayesimama kwenye foleni si muuzaji wala mhasibu.

Tuchukue kiwanda cha mfano hapa Rumonge. Tunasema cha mfano kwa sababu mawese mengi ya huku bado yanakamuliwa kwenye mashine ndogondogo, ambako hesabu inaandikwa kwenye daftari, na daftari lina sifa moja ambayo wataalamu huisahau: halizimiki. Lakini kompyuta zinakuja, na afadhali zitukute tumejiandaa.

Kila mkata michikichi anajua kwamba mkungu ukishaanguka chini, saa imeanza kuhesabu. Ndani ya tunda mna kimeng'enya kinachoanza kuvunja mafuta mara tunda linapochubuka, na asidi inapanda. Mvuke ndio unaokizima kimeng'enya hicho. Kwa hiyo mikungu inatakiwa ifike kwenye mvuke ndani ya saa 24 au karibu na hapo. Ikichelewa, mafuta yanashuka daraja. Mkungu uliokaa uani kwa sababu mizani inangoja jibu la kompyuta unaharibika sawasawa na ule uliosahauliwa shambani. Tofauti ni kwamba wa shambani utaambiwa ni kosa lako, na wa uani pia utaambiwa ni kosa lako, usipojua kujitetea.

Jambo la kwanza la kujifunza ni kwamba wastani hudanganya. Nendeni pwani ya Rumonge mtazame wavuvi wa ndagala. Wanavua kwa taa, na taa ina nguvu usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawaifuati taa, na mitumbwi mingi inapumzika. Sasa tuseme mtu anataka kujenga vichanja vya kuanikia. Akichukua samaki wa mwezi mzima akawagawa kwa siku 30, atajenga vichanja ambavyo wiki ya mbalamwezi vitakaa vitupu na wiki ya giza vitafurika, samaki waoze mchangani. Mwenye akili anajenga kwa kutazama asubuhi ile nzito kuliko zote. Seva ni kichanja. Haipimwi kwa siku ya kawaida. Inapimwa kwa saa mbaya kuliko zote za msimu mbaya kuliko yote.

Jambo la pili ni hesabu ya foleni, na hapa nawaomba mchukue kalamu. Hesabu hii ilianzishwa na Mdenmaki mmoja, Agner Krarup Erlang, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya simu ya Copenhagen, na maandishi yake ya kwanza juu yake yalitoka mwaka 1909. Alitaka kujua kampuni iweke nyaya ngapi ili wapigaji simu wasingoje mno. Kompyuta zilipokuja, zilikuta hesabu iko tayari.

Tuseme mizani yetu ya magari, pamoja na kompyuta yake, inachukua dakika 4 kwa kila mzigo. Basi ikifanya kazi bila kupumzika inaweza kupokea mizigo 15 kwa saa. Mkubwa wa kiwanda atasema: vizuri, wakija 14 kwa saa tutawamudu. Kwenye karatasi ni kweli. Lakini malori na baiskeli haziji kwa mpango kama askari wa gwaride. Zinakuja tatu kwa pamoja, halafu robo saa kimya. Na mizigo nayo haifanani, mmoja dakika 2, mwingine dakika 8. Kwa hali ya namna hiyo hesabu inasema hivi: mizani ikiwa na kazi nusu ya wakati wake, kila anayekuja atatumia dakika 8 tangu kufika mpaka kuondoka. Ikiwa na kazi asilimia 80, atatumia dakika 20. Asilimia 90, dakika 40. Asilimia 95, dakika 80.

Tazameni vizuri. Kutoka 90 mpaka 95 kazi imeongezeka kidogo tu, hata lori moja kamili kwa saa halijaongezeka, lakini muda wa kungoja umeongezeka mara mbili. Ndiyo maana kiwanda kinaweza kwenda salama mwezi mzima, halafu siku moja ya mavuno kikakwama, na kila mtu akatafuta mchawi. Mchawi hayupo. Mmekaribia ukomo.

Mwaka 1961 profesa wa Marekani, John Little, alithibitisha kanuni nyingine nyepesi sana: idadi ya waliomo uani ni sawa na wanaoingia kwa saa, mara muda ambao kila mmoja anakaa. Wakiingia 12 kwa saa na kila mmoja akikaa dakika 20, yaani theluthi ya saa, uani mtakuwa na 4. Mwakilishi wa wafanyakazi anaweza kuitumia kanuni hii bila kuomba ruhusa kwa mtu. Hesabu waliomo uani, hesabu wanaoingia, na utajua muda wa kungoja hata kama ofisi imeficha takwimu zake.

Basi, mwajiri akisema kwamba mashine isiyo na kazi kila dakika ni hasara, mjibuni kwa namba hizi. Nafasi kidogo isiyotumika ndiyo inayozuia foleni. Mimi binafsi, nikisikia seva inafanya kazi asilimia 90 wakati wa mavuno, sisemi imenunuliwa kwa busara. Nasema imenunuliwa ndogo.

Sasa tuje kwenye jambo la tatu, ambalo kwetu ni zito kuliko mengine: umeme kukatika. Vipimo vingi vya kisasa vina betri na kumbukumbu yake vyenyewe. Seva ikizimika, havitupi habari. Vinaziweka mpaka seva irudi, kisha vinazituma zote kwa mkupuo. Ni mpango mzuri, lakini una gharama. Tuseme kiwanda chetu kina vipimo 40, na kila kimoja kinatuma habari moja kila sekunde 5. Hizo ni habari 8 kwa sekunde. Umeme ukikatika kwa saa 2, yaani sekunde 7,200, zinarundikana habari 57,600. Umeme unarudi. Seva iliyonunuliwa ina uwezo wa habari 12 kwa sekunde, na muuzaji aliapa kwamba inatosha na kuzidi. Lakini habari mpya 8 bado zinakuja kila sekunde, kwa hiyo kilichobaki cha kufutia deni ni 4 tu. Gawanya 57,600 kwa 4: sekunde 14,400. Saa 4 nzima kompyuta inahangaika na deni la saa 2.

Na katikati ya saa hizo 4 zamu inabadilika. Watu 300 wanapiga kadi ndani ya dakika 10, na kila kadi inaamsha kazi 6 ndani ya seva: kutafuta jina, kuandika saa, kutazama zamu, na kadhalika. Hizo ni kazi 3 zaidi kwa sekunde. Nafasi ya kulipa deni imebaki 1. Umeme ukikatika tena kabla ya jioni, deni linapanda juu ya deni. Kama seva ingekuwa na uwezo wa 40 kwa sekunde, deni lile la kwanza lingefutika kwa nusu saa.

Hapa pana hatari ambayo kila mwenye kulipwa kwa kilo au kwa saa aielewe. Kila habari ina saa mbili: saa iliyotokea kwenye mizani au mlangoni, na saa iliyopokelewa na seva. Siku ya kawaida zinafanana. Siku ya deni zinapishana kwa masaa. Programu ikiwa imetengenezwa kuandika saa ya kupokelewa, aliyeingia kazini saa 12 asubuhi ataonekana ameingia saa 4, na mkungu uliofika mapema utaonekana umechelewa. Ulizeni swali hili kwa maneno haya haya: programu inaandika saa ipi? Fundi mwaminifu atajibu mara moja. Akianza kuzunguka, simamisheni mazungumzo mpaka ajibu.

Ulimwenguni yako mafunzo ya kutosha. Nchini Marekani kampuni ya chokoleti ya Hershey ilitumia dola milioni 112 kuunganisha hesabu za viwanda, maghala na oda. Kazi iliyopangiwa miaka 4 ilibanwa iishe kwa miezi 30, na mitambo ikawashwa Julai 1999, wakati maduka yanaanza kuagiza peremende za sikukuu ya Halloween, msimu wao mkubwa. Oda za dola zipatazo milioni 100 hazikufika madukani, na huku chokoleti ilikuwapo ghalani. Kompyuta haikujua ilipo. Kuwasha mtambo mpya katikati ya mavuno ni sawa na kubadili usukani ziwani wakati wa dhoruba.

Uingereza kulikuwa na jambo baya zaidi. Posta yao ilitumia programu iitwayo Horizon, na kati ya 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 waliosimamia ofisi ndogo za posta walihukumiwa kwa wizi na udanganyifu kwa kutegemea hesabu za programu hiyo. Wengine walifungwa. Desemba 2019 mahakama kuu ilitamka kwamba programu ilikuwa na kasoro, na mwaka 2024 bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo. Kosa lile halikuwa la udogo wa seva, na tusichanganye mambo. Nalitaja kwa sababu ya desturi iliyokuwa nyuma yake: kompyuta iliaminiwa kwanza, mtu akatakiwa athibitishe kwamba si mwizi.

Seva inapimwaje kabla ya kuaminiwa? Mafundi wanatengeneza wafanyakazi wa bandia ndani ya kompyuta nyingine, wanawaamuru wapige kadi, wapime mizigo, watume joto la mvuke, wote kwa pamoja, kisha wanatazama. Kwanza wanaleta mzigo wa siku ya kawaida, halafu wa siku ya mavuno. Baadaye wanaongeza mpaka seva ishindwe, makusudi kabisa, maana usipojua inapovunjikia hujui uko mbali nayo kiasi gani. Wanaiacha pia ifanye kazi siku kadhaa bila kuzimwa, kwa kuwa kuna programu zinazokula kumbukumbu kidogo kidogo na kuanguka siku ya tatu. Na kwa nchi yetu jaribio lisilokosekana ni kung'oa waya wa umeme na kuhesabu deni linafutika kwa muda gani. Majaribio hayo yafanyike na daftari la kompyuta likiwa limejaa kumbukumbu za mwaka mzima. Programu yenye majina 10 ndani yake hukimbia kama swala. Ijazeni ndipo mjue mwendo wake.

Matokeo yakiletwa, msikubali wastani peke yake. Seva inaweza kujibu watu 95 kwa nusu sekunde, na watu 5 kwa sekunde 30. Wastani wake ni kama sekunde 2, namba ya kupendeza sana kwenye ripoti. Ulizeni wale 5 ni akina nani. Mara nyingi ni walewale kila siku, wenye kumbukumbu nyingi za kujumlishwa, yaani waliofanya kazi miaka mingi.

Wawakilishi waombe kuwapo siku ya jaribio, na nakala ya matokeo ibaki kwenye faili la tawi. Waombe pia kila mzigo utolewe stakabadhi ya karatasi yenye saa ya kufika mlangoni, iandikwe kwa mkono kama mashine imelala. Ni jambo dogo, halina gharama, na siku ya ubishi ndilo litakaloletwa mezani.

Zoezi la kikundi. Kiwanda kina vipimo 40 kama hapo juu, na seva yenye uwezo wa habari 20 kwa sekunde. Umeme umekatika saa 3. Deni litafutika kwa muda gani? Halafu mwajiri anaongeza vipimo 50 vya namna ileile bila kubadili seva, na umeme unakatika tena saa 3. Je, sasa? Jibu la swali la kwanza ni saa 2. La pili lifanyeni wenyewe, na mkishapata idadi ya masaa mlinganishe na zile saa 24 za mkungu.