Ngitili za Wasukuma

Mvua hazifuati tena majira yake. Huchelewa, kisha huja kwa nguvu. Tufanyeje vijijini mwetu? Na tutazame Shinyanga. Zamani miti ya huko ilikatwa mno, ili kuwafukuza mbung'o na kupata mashamba ya pamba, hata nchi ikawa tupu.

Basi mwaka wa 1986 Serikali ilianzisha kazi ya HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Haikuleta desturi ngeni, bali iliamsha ile ya wazee. Mvua zianzapo, sehemu ya malisho hufungwa, ng'ombe wasiingie. Majani hukua, na visiki huchipua. Kiangazi kikizidi hufunguliwa, kwanza kwa ndama na ng'ombe wanyonge. Hiyo ndiyo ngitili. Nayo hailindwi na ua, bali na baraza la watu, dagashida, litozalo faini. Mwaka ule wa 1986 zilikuwa kadiri ya hekta 600. Mwanzoni mwa karne hii zilipita 300,000.

Lakini asiye na ng'ombe, aliyezoea kuokota kuni pale pale, atapata nini? Neno hilo lapasa kuamuliwa barazani kabla ya kufunga malisho.