Mustang ya 1966: Anza na Maji, Injini Itasubiri

Wengi wakienda kuangalia Ford Mustang ya 1966 hufungua boneti kwanza. Mimi naomba jagi la maji. Namimina taratibu kwenye matundu ya hewa yaliyo mbele ya kioo, karibu na vaipa, kisha nalala chini ya dashibodi na tochi mkononi. Maji yakichuruzika ndani, nimeshajua fedha zangu zitaishia wapi.

Chini ya matundu hayo kuna mfereji wa bati unaopokea mvua na kuitoa pembeni, nyuma ya madigadi. Ndani ya mfereji kuna shingo mbili, kushoto na kulia, zinazopitisha hewa kuingia ndani ya gari. Majani makavu hujikusanya humo na kushika unyevu, shingo zikaoza kuanzia chini. Huwezi kuona kitu kwa sababu mfereji umefunikwa na bati lililochomelewa. Maji yakishapata upenyo hushuka hadi chini ya zulia, na sakafu nayo huanza kuoza.

Kuna vifuniko vya plastiki vinavyouzwa kuziba shingo hizo. Mimi sivipendi, maana bati linaendelea kuoza chini yake. Dawa ni kuvua madigadi ya mbele, boneti na kioo, kutoboa kila nukta ya kuchomelea, kuinua bati la juu na kuchomelea jipya. Ni kazi ndefu na inachosha. Ifanye kabla ya kufikiria rangi.

Nasisitiza bodi kwa sababu Mustang haina chasisi ya kujitegemea. Bati lenyewe ndilo linalobeba injini, springi na watu. Vizingiti vya milango vikioza, gari zima linalegea. Kabla ya kukata sakafu, chomelea vyuma vya kushikilia ndani ya nafasi za milango, kata upande mmoja kwanza, na kila hatua jaribu kufunga mlango. Mlango ukianza kukwaruza, simama upime upya. Kwa gari la paa la turubai usithubutu kuruka hatua hiyo. Na muuzaji akikuonyesha rangi inayong'aa, pitisha sumaku ndogo kwenye kona za chini. Isiposhika, hapo pamejazwa puti.

Injini ni shida nyepesi zaidi, maana vipuri vyake vinapatikana kirahisi hadi leo. Cha kujua ni kama uliyonayo ndiyo iliyotoka nayo kiwandani. Soma namba ya gari: alama ya pili ni kiwanda, F ikiwa Dearborn, R San Jose na T Metuchen. Alama ya tano ni injini. T ni ile ya silinda sita, na C ni V8 ya inchi za ujazo 289 yenye kabureta ya matundu mawili. Kisha hesabu nati za gurudumu: silinda sita ilitoka na nati nne, V8 na tano. Ukikuta V8 juu ya nati nne, mtu amebadilisha injini akaacha breki na ekseli za gari jepesi. Hapo punguza bei au ondoka.

Breki ndizo zinazoninyima usingizi. Mustang ya 1966 ilitoka na masta silinda ya chumba kimoja kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo bomba moja likipasuka, pedali inazama hadi chini na huna breki yoyote. Mwaka 1967 Ford waliweka ya vyumba viwili, mbele na nyuma zikatenganishwa. Badilisha yako kabla gari halijatoka gereji.

Baada ya hapo ni matunzo. Badilisha mipira yote ya mafuta, kwa kuwa petroli ya Marekani siku hizi huchanganywa na ethanoli inayolainisha mipira ya zamani. Chagua oili yenye zinki ya kutosha, ndiyo inayokinga kamshafti pale inaposuguana na tapeti. Pointi za distribyuta za V8 ziache nafasi ya inchi 0.017, na paka grisi kidogo pale zinapogusa kamu.

Huku Michigan barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, kwa hiyo gari langu halitoki hadi mvua za majira ya kuchipua ziioshe. Naliegesha na tangi limejaa, dawa ya kuhifadhi petroli ndani yake, na betri kwenye chaja ndogo. Siliwashi kwa dakika tano ili tu nisikie injini. Injini isiyopata moto kamili huacha maji kwenye oili na kwenye bomba la moshi, na bomba huoza kutoka ndani.