SOMO: MGONJWA ASIYEPONA NA KAZI YETU KANDO YA KITANDA CHAKE

Tusome: 2 Wafalme 13:14, 2 Wafalme 20:1-6, Ayubu 2:11-13, 2 Timotheo 4:20



Sisi tu watu wa maombi. Tumeona wagonjwa wakiinuka, wala hatutaacha kuomba. Lakini kuna jambo ambalo makanisani mwetu, toka Kasongo mpaka Kabambare, tunalinyamazia: tufanye nini kama ndugu ameombewa, tumefunga kwa ajili yake, amepelekwa hospitali, na hakupona?

Tuanze kwa kuungama. Mama mmoja wa kanisa letu alikuwa na kansa ya titi. Alipozidiwa, sisi mashemasi tulimwuliza ni dhambi gani ameificha. Wengine walisema ni ulozi, na mtoto yatima aliyemlea akaanza kutazamwa vibaya. Kisha harufu ya kidonda ikatushinda, tukawa tunaombea mlangoni. Siku moja mama alituambia: “Maumivu nayavumilia. Kinachoniua ni kwamba hamuingii tena.” Neno hilo lilituchoma. Tuliyojifunza tangu siku ile ndiyo haya.

1. Kutopona si alama ya dhambi. Elisha aliyemfufua mtoto wa Mshunami, yeye mwenyewe aliugua ugonjwa uliomwua. Mfalme alikuja akamlilia, hakumshitaki. Paulo naye alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa. Basi nani kati yetu atamwambia mgonjwa kwamba imani yake ni ndogo? Na anayemtaja mtoto kuwa mlozi anavunja hata sheria ya nchi yetu ya mwaka 2009 ya kulinda watoto.

2. Maumivu ni ya namna nne. Munganga Cicely Saunders, aliyefungua nyumba ya wagonjwa ya St Christopher's kule London mwaka 1967, alifundisha kwamba mtu huumia katika mwili, katika moyo, katika jamaa na katika roho. Mfupa unauma; hofu inamkesha; anawaza watoto watakula nini; anauliza kama Mungu amemwacha. Anayetoa kidonge tu hajamaliza kazi, na anayeomba tu hajamaliza.

3. Dawa si adui wa maombi. Kumnyima mgonjwa dawa ili afunge ni kumtesa. Kwa jirani zetu wa Uganda, tangu 1993, Hospice Africa iliyoanzishwa na munganga Anne Merriman inawapa wagonjwa morfini ya maji, nao wanainywa nyumbani kwao. Tangu 2004 wauguzi waliofundishwa kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika. Morfini ikipimwa vizuri haimwui mtu. Inampa usingizi na nafasi ya kuongea na watu wake. Kwetu safari ya Kabambare mpaka Kasongo inapita kilomita 100, na barabara tunaijua. Hata hivyo tumwulize munganga: dawa gani ya maumivu inapatikana? Kidonda kisafishwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye chumvi kidogo. Munganga akiruhusu, kidonge cha metronidazoli husagwa na kunyunyizwa juu yake, na harufu hupungua.

4. Ukweli na siri. Tusimdanganye mgonjwa, wala tusimtupie habari kama jiwe. Tumwulize kwanza anajua nini na anataka kujua nini. Isaya alimwambia Hezekia atengeneze mambo ya nyumba yake. Ukweli ule haukuzuia maombi: Hezekia aliomba, akaongezewa miaka 15. Mambo ya shamba, madeni, mke na watoto yasemwe mbele ya mashahidi mgonjwa angali na sauti, ili mjane asifukuzwe baada ya kilio. Na tuliloambiwa kitandani tusilipeleke mimbarani.

5. Kukaa naye. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walizokaa chini pamoja naye, kimya. Walikosea walipoanza kumhukumu. Basi tuingie ndani. Tumgeuze kila saa mbili asipate vidonda vya kulala, tumloweshe midomo, tusimlazimishe bukari. Anayemwuguza naye amechoka: tumchotee maji, tumtafutie kuni, tumpokee usiku mmoja alale. Jirani Mwislamu akija kumtazama mgonjwa, tumkaribishe. Mji wetu ni mmoja.

Yule mama alilala katika Bwana tukiwa tumemzunguka, ndani, si mlangoni. Mtoto yatima alimshika mkono. Hatukupata muujiza tuliouomba, lakini hakuondoka peke yake.

Maswali ya kujibu pamoja
a) Katika kijiji chetu, ni mgonjwa gani ambaye hatuingii tena kwake?
b) Juma hili nani atapika, nani atachota maji, nani atakesha?
c) Je, kuna mtu tuliyemhukumu na tunapaswa kumwomba msamaha angali hai?

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote. Amina.