Kwa Nini Aliyeshindwa Hukubali?

Mahakama haina jeshi. Haina hazina pia. Hata bajeti yake hupitishwa na wengine. Ilicho nacho ni karatasi yenye sahihi na muhuri. Basi mwanasiasa mwenye wafuasi mamilioni anaposomewa karatasi hiyo, akaambiwa ameshindwa, naye akarudi nyumbani, ni nguvu gani iliyomrudisha?

Mtazame anavyopima. Anaweza kuwaita watu barabarani leo, au ameze uchungu angoje uchaguzi ujao. Kungoja kuna maana kwake iwapo tu anaamini kwamba siku haki ikiwa upande wake, majaji hao hao watampa. Mwanasayansi wa siasa David Easton alitenganisha mambo mawili hapa: kuridhika na uamuzi mmoja, na imani ya msingi katika chombo chenyewe. La pili ni akiba. Hutumika siku ambayo la kwanza halipo.

Kenya iliwahi kubaki bila akiba hiyo. Mwanasiasa wa upinzani Kenneth Matiba alipopinga uchaguzi wa urais wa 1992, shauri lake lilitupwa kwa kuwa hakulitia sahihi mwenyewe. Maradhi yaliyompata akiwa kizuizini yalikuwa yamemdhoofisha, mkewe akatia sahihi kwa niaba yake. Mwai Kibaki alipinga uchaguzi wa 1997, akaambiwa hakumkabidhi Rais Moi hati mkononi. Hoja za kura zenyewe hazikusikilizwa. Ilipofika Desemba 2007, Kibaki sasa akiwa rais, wapinzani wake waliokataa matokeo ya uchaguzi waliambiwa waende mahakamani. Walikataa. Watu zaidi ya 1,100 walikufa.

Katiba ya 2010 ikaunda Mahakama ya Juu yenye majaji 7. Majaji waliokuwapo wakapigwa msasa, waliotaka kiti cha Jaji Mkuu wakahojiwa hadharani, na shauri la urais likapewa siku 14. Mwaka 2013 mgombea urais Raila Odinga alishindwa kortini, akakubali kwa shingo upande. Kisha, Septemba 1, 2017, majaji 4 dhidi ya 2 wakafuta ushindi wa rais aliyekuwa madarakani, jambo ambalo Afrika haikuwa imeliona. Rais huyo, Uhuru Kenyatta, alighadhibika, lakini alirudi kwenye debe.

Akiba hiyo huliwa haraka, na hili linanisumbua kuliko yote. Oktoba mwaka huo huo, mlinzi wa Naibu Jaji Mkuu alipigwa risasi. Kesho yake majaji 2 tu ndio waliofika kusikiliza ombi la kuahirisha uchaguzi wa marudio, ilhali sheria inataka 5. Ombi halikusikilizwa. Odinga alisusia uchaguzi huo, na watu wakafa.

Hata hivyo 2022 Odinga alirudi mbele ya mahakama ile ile kupinga matokeo ya urais. Septemba 5 majaji wote 7 walitupilia mbali shauri lake. Alisema hakubaliani nao hata kidogo, ila anaheshimu uamuzi. Septemba 13, William Ruto, aliyetangazwa mshindi, aliapishwa uwanjani Kasarani.