Helmeti Inayokaa Kichwani: Maswali na Majibu kwa Wasafiri wa Pikipiki

Mtu apitapo Mutuini alfajiri ya mwezi wa Julai, wakati ukungu ungali umelala juu ya vishamba vya sukuma wiki na baridi ya Dagoretti ikipenya koti hadi mifupani, huwakuta vijana wa bodaboda wamekwisha jipanga kwenye steji, kila mmoja na helmeti yake: huyu ameivaa, yule ameitundika kwenye kioo cha pembeni, wa tatu ameikalia juu ya tangi, na wa nne ameiegemeza kisogoni, ukanda ukining'inia mashavuni. Mimi ni fundi wa pikipiki na mwalimu wa wanaojifunza kuziendesha katika mtaa huu, na kwa muda wa miaka mingi maswali niulizwayo juu ya helmeti yamekuwa mengi kuliko yale ya injini. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudiwa aghalabu, nikayajibu kwa kadiri ya elimu na tajriba niliyojaliwa.

Wazee wetu waliendesha pikipiki kichwa wazi na wakafika salama. Kuna ushahidi gani kuwa helmeti huokoa?

Waliofika ndio tuliozungumza nao. Waliozikwa hawakurudi kutusimulia. Ushahidi wenyewe si wa jana wala juzi. Mwezi wa Mei 1935, T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyepigana bega kwa bega na Waarabu katika Vita Vikuu vya Kwanza, alianguka na pikipiki yake huko Dorset, Uingereza, akiwa hana kinga yoyote kichwani, na baada ya siku sita za kuzimia akafariki dunia. Miongoni mwa matabibu walioitwa kumtazama alikuwamo Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo, ambaye baadaye aliwachunguza wapanda pikipiki walioumia vichwa, na mwaka 1941 akachapisha hoja yake kuwa helmeti ingewaokoa wengi wao. Tangu hapo tafiti zimefuatana katika nchi nyingi, na zilipojumlishwa pamoja zilidhihirisha kuwa helmeti hupunguza hatari ya kufa katika ajali kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi.

Helmeti yangu ni ya bei kubwa na ya kampuni yenye sifa. Je, haitoshi?

Haitoshi, na ithibati ninayo juu ya sikio langu la kushoto, mahali ambapo nywele hazikuota tena. Nilipokuwa kijana nilinunua helmeti njema kwa fedha za miezi mitatu, lakini nikachagua kubwa kuliko kichwa changu, ili nipate kuvaa kofia ya sufi ndani yake nyakati za baridi. Jioni moja ya mvua za Aprili, nikitoka Soko la Dagoretti kurudi nyumbani, gurudumu la mbele liliteleza katika tope jekundu, nikaanguka ubavu; na kabla kichwa hakijafika chini, helmeti ilikwisha nitoka, ikaokotwa mtaroni hatua kumi kutoka pale nilipolala, haina hata mkwaruzo. Kitu kile kilikuwa kizima, nami niliyekinunua ndiye niliyepasuka. Tangu siku ile, mtu akinionyesha helmeti yake akanitajia bei, mimi humwomba kwanza aivae, aifunge, kisha atikise kichwa.

Kwa nini kukaa sawasawa kichwani kuwe na uzito namna hiyo?

Sharti tufahamu kwanza namna helmeti inavyofanya kazi. Gamba la nje huzuia kitu chenye ncha na kulitawanya pigo. Lakini kazi kubwa hufanywa na lile povu gumu jeupe lililo ndani, jamaa ya lile linalofungia televisheni mpya katika kasha, ambalo likigongwa hujiponda, na katika kujiponda huko kichwa hupata wasaa wa kusimama polepole badala ya kusimama ghafla. Ubongo ndani ya fuvu ni kama maziwa ndani ya kibuyu: ukikisimamisha kibuyu kwa ghafla, maziwa huendelea na safari yake hadi yapige ukuta. Basi povu hilo haliwezi kutenda kazi yake isipokuwa liwe limegusana na kichwa pande zote. Pakiwapo nafasi baina yao, kichwa hukimbia ndani ya helmeti na kuligonga povu kama kinavyogonga ukuta.

Watu hudhani kuwa helmeti hupimwa kwa mwendo wa barabarani, wa kilomita 60 au 80 kwa saa. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya nambari 22, ambayo nchi nyingi huifuata, imekuwa ikipima pigo lake kuu kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, nao ni mwendo aupatao mtu aangukapo kutoka urefu wa karibu mita 3, tuseme kutoka tawi la kati la mparachichi. Wala hapana kasoro katika jambo hilo, maana mpanda pikipiki aangukaye kichwa chake hushuka kutoka kimo cha kuketi hadi lami, na ule mwendo wa mbele aghalabu huishia katika kuteleza. Lakini ajigongaye moja kwa moja kwenye lori au kwenye nguzo ya stima, huyo amepita mipaka ya helmeti yoyote iliyotengenezwa, na dawa yake ni kupunguza mwendo.

Nitajuaje saizi yangu?

Chukua tepu ya fundi cherehani, uizungushe kichwani kiasi cha sentimita 2 na nusu juu ya nyusi, ipite juu kidogo ya masikio, ikutane kisogoni pale palipochomoza zaidi. Rudia mara tatu, ushike kipimo kikubwa. Kwa watengenezaji wengi sentimita 55 na 56 ni S, 57 na 58 ni M, 59 na 60 ni L, na 61 na 62 ni XL, ingawa kila mmoja ana jedwali lake, na sharti ulisome la helmeti ile unayoishika. Mapema mwaka huu alinijia kijana mrefu mwenye mabega mapana, akaapa kuwa yeye ni L, kwa hoja kwamba mashati yake yote ni L. Tepu ilisema 56. Nilimvika ile L aliyoitaka, nikamwomba ageuze uso upande wa kulia. Uso uligeuka, helmeti ikabaki inatazama mbele, na jicho lake moja likazama gizani nyuma ya sponji. Hakuhitaji maneno mengine kutoka kwangu.

Nikiwa dukani niijaribu vipi?

Usiwe na haraka, wala usimwonee haya mwenye duka. Ishike helmeti kwa kanda zake mbili, uzivute nje, uivae kwa kuishusha kutoka mbele kwenda nyuma, hadi ukingo wake wa mbele usimame juu ya nyusi kwa upana wa vidole viwili hivi. Ikikaa juu zaidi, paji la uso limebaki bila mlinzi. Sponji za mashavuni ziyasukume mashavu kidogo, kama mtoto aliyejaza uji kinywani. Kisha ishike kwa mikono miwili, uizungushe kulia na kushoto, halafu juu na chini, huku umekaza shingo: ngozi ya paji na ya mashavu ifuatane nayo. Helmeti ikienda peke yake, ngozi ikabaki mahali pake, hiyo ni kubwa. Irudishe, ujaribu ndogo zaidi.

Baada ya hapo funga ukanda, bizimu iume sawasawa, na baina ya ukanda na koo pasipite zaidi ya vidole viwili. Inamisha kichwa, umwombe mwenzako aishike helmeti kwa ukingo wa nyuma, pale chini ya kisogo, aivute kwenda juu na mbele kwa nguvu, kana kwamba ataka kukuvua. Ikitoka, ama ikikufunika macho, haitakaa kichwani siku ya kuanguka. Ikistahimili, ikae kichwani robo saa nzima huku ukitembea dukani, kisha uivue utazame paji lako katika kioo. Wekundu mwepesi ulioenea sawa si kitu. Bali doa moja lenye maumivu ni ishara kuwa umbo la helmeti si umbo la kichwa chako. Vichwa vina namna zake: kuna cha mviringo, na kuna kilichorefuka mbele na nyuma. Helmeti ikikuuma pajini na kisogoni, ilhali pembeni ina nafasi, hiyo ni ya mviringo kupita kichwa chako. Ikikubana penye mishipa ya kando ya macho, ni nyembamba mno. Tafuta ya mtengenezaji mwingine, wala usikubali kuambiwa kuwa itapanuka. Sponji hulainika kwa siku chache, lakini povu gumu halipanuki.

Nikiwa hapo Kirinyaga Road mbele ya helmeti mia, nitabainishaje iliyo halali na ya bandia?

Tafuta kwanza alama ya KEBS, ambalo ndilo shirika la kukadiria ubora wa bidhaa nchini. Katika zile zitokazo ng'ambo kwa kanuni niliyoitaja, kuna kitambaa kidogo kilichoshonwa kwenye ukanda, chenye herufi E ndani ya duara na nambari ya nchi iliyotoa idhini, 1 ikiwa Ujerumani, 2 Ufaransa na 3 Italia. Na nambari ndefu iliyo chini yake huanza kwa 05, ama kwa 06 ikiwa ni ya toleo jipya, ambalo limeongeza jaribio la pigo la mshazari. Kwa kuwa alama huigizwa, tumia na mikono pia. Bonyeza ndani kwa kidole gumba: chini ya sponji laini usikie povu gumu linalokataa. Zipo helmeti zisizo na povu hilo kabisa, ni plastiki nyembamba na sponji tu, na hizo ndizo nyepesi mno unapozinyanyua. Vuta ukanda kwa nguvu uone kama umeshikwa imara pande zote mbili.

Je, naweza kutumia helmeti ya mjengo, ama ya baiskeli?

La. Kila helmeti imekadiriwa pigo lake. Ya mjengo hungojea tofali lianguke kutoka juu. Na ya baiskeli ina kanuni yake mbali. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyotengenezwa kwa mpanda pikipiki na lami. Na kama uwezo unaruhusu, nunua ile inayofunika kidevu, kwa maana aangukaye kifudifudi hutanguliza kidevu.

Abiria wangu wanakataa helmeti kwa kuwa ina jasho la watu, ama itawaharibia nywele. Nifanyeje?

Wana haki ya kuchukia uchafu, nawe una wajibu wa kuwalinda. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kwa marekebisho ya mwaka 2012, humtaka mwendeshaji na abiria wavae vifaa vya kujikinga, tena hairuhusu abiria zaidi ya mmoja. Panguza sponji kwa maji ya sabuni nyepesi kila jioni na uianike kivulini. Mpe abiria kitambaa chepesi safi avae ndani. Mama mwenye nywele zilizosukwa azilaze chini, asizifunge fundo utosini, maana fundo huinua helmeti. Na mwenye mtandio achague wa kitambaa chembamba, bila pini wala mkunjo mzito. Vichwa vya abiria havilingani, kwa hiyo nawasihi ndugu zangu wa steji moja wachange wanunue za saizi mbili tatu za kushirikiana, kisha wamfungie abiria ukanda kwa mikono yao kabla ya kuwasha pikipiki.

Helmeti hudumu muda gani?

Huishia pigo moja. Povu lililokwisha kupondwa halirudi, hata kama gamba linang'aa. Kwa sababu hiyo usinunue ya mtumba, kwa kuwa historia yake huijui. Isiyogongwa hutumika miaka mitano hivi kwa mujibu wa wasia wa watengenezaji wengi. Usiisafishe kwa petroli wala kuipaka rangi, kwani vitu hivyo hula plastiki na povu. Usiitundike kwenye kioo cha pikipiki, ambacho hutoboa povu kidogo kidogo, wala usiikalie.

Na watoto wanaopelekwa shule?

Swali hili ndilo linaloninyima usingizi. Kila asubuhi huwaona watatu kwa mpigo, mmoja tangini na wawili nyuma, vichwa wazi, wakipandishwa kilima kuelekea Waithaka. Helmeti ya mtu mzima juu ya kichwa cha mtoto hugeuka tu, na uzito wake huielemea shingo changa. Mtoto asiyeweza kukanyaga vikanyagio vya abiria, na asiye na helmeti iliyopimwa kichwani mwake, atembee, na mtu mzima amshike mkono. Najua njia ni ndefu na wazazi wanawahi kazini. Hata hivyo sina jibu jingine la kweli la kuwapa.

Sina fedha za helmeti mpya mwezi huu. Nianze na nini?

Anza na ile uliyo nayo. Jioni ya leo, ukiisha kuegesha pikipiki, ivae, ufupishe ukanda hadi vidole viwili tu vipite, umwombe jirani aivute kutoka nyuma. Kisha azima tepu ya cherehani, upime kichwa chako na vya watu wa nyumba yako, uziandike namba hizo mahali usipozisahau. Na siku fedha zitakapopatikana, ingia dukani na namba ile mkononi, wala usimwachie muuzaji akukadirie kwa macho.